Makopo Tisa ya Kokoa Mbichi

Shule niliiacha darasa la tatu, lakini kokoa naijua. Nyumba hii, hapa kijijini Ipyana, imejengwa na kokoa, na binti yangu kasomeshwa na kokoa mpaka akapata udaktari wa vipimo. Si wa kutibu watu. Ni wa kujua kama kipimo kinasema kweli au kinadanganya.

Baada ya hapo akakaa nyumbani mwaka mzima bila kazi. Siku moja akaniambia ameomba nafasi ya utafiti wa miaka miwili, maabara ya ng'ambo.

"Umemaliza kusoma, unaomba kusoma tena?"

"Si kusoma, baba. Ni kazi ya waliomaliza."

"Basi huko hakuna anayemaliza."

Alicheka, ila siku hizo chakula alikigusa tu. Nafasi ilikuwa moja tu, na walitaka atume jaribio lake kabla ya Ijumaa. Alikuwa ametengeneza kidude cha kutaja unyevu wa kokoa bila kupasua punje.

Jumatano akaenda Kyela mjini kufuata mtandao. Nikakuta chumbani kwake makopo tisa yamefungwa kwa utepe. Nikafungua moja: kokoa mbichi, inatoa jasho. Mwenye akili zake anafungia kokoa mbichi kwenye kopo? Nikaanika zote kwenye chanja, nikakaa na fimbo kufukuza kuku.

Aliporudi, mkoba haukushuka begani.

"Baba, nani kafungua?"

"Mimi. Zingeoza."

Akakaa chini kwenye majani. Hakulia; afadhali angelia. Akauliza, "Umezichanganya?"

Hapo niliudhika. "Tangu lini nikachanganya kokoa za watu?" Kila fungu lilikuwa peke yake, kopo lake limewekwa pembeni, kama ninavyoanika mizigo ya majirani.

Ndipo akanieleza. Asubuhi alikuwa ameshazipima uzito, na kidude kimeshasoma unyevu. Kilichobaki ni kuzikausha kwenye oveni na kuzipima tena. Ila isipungue hata punje moja, na kila kopo lilikuwa na hamsini.

Tukapiga magoti, tukahesabu. Kopo la nne, arobaini na tisa. Tukarudia. Arobaini na tisa.

Nikatia mkono mfukoni. Moja nilikuwa nimeipasua kuangalia ndani, mazoea ya miaka mingi. Nusu zote mbili zilikuwemo, pamoja na ugoro wangu.

"Zina ugoro, baba."

"Zifute."

Akazifuta, akazirudisha kwenye fungu la nne. Oveni ikamalizia kazi ya jua, na Ijumaa ikakuta ameshatuma. Lakini hakunificha. Aliandika kwamba kopo la nne, punje moja ilipasuliwa na baba yake. Siku ya usaili, wakubwa wa maabara walianza na hilo kopo. Akawaeleza yote, na ugoro pia; wakasema mpimaji asiyeficha ndiye wanayemtaka.

Wiki iliyopita jibu lilikuja: nafasi kaipata. Safari hii mimi ndiye niliyekaa kwenye majani. "Ndaga fijo, baba," akaniambia, asante sana, kana kwamba nilimsaidia kwa makusudi. Kiingereza sikisomi, lakini kwenye yale aliyowatumia kanionyesha mstari nilipo.