Nguruwe Aliyepimwa kwa Jina la Mwenzake

Wakuu, kuna nguruwe pori alihukumiwa kuchomwa moto kwa kosa ambalo hakulifanya. Shahidi wa uongo nilikuwa mimi.

Naitwa Ognyan. Nimeoa kwa mzee Stamen, kijiji kimoja cha milimani huku Bulgaria. Mzee anapenda vitu viwili duniani: binti zake na soseji zake.

Soseji zenyewe hazipikwi. Zinaning'inizwa darini wiki sita, zinakauka, zinaliwa hivyo hivyo na rakia, pombe yetu kali ya matunda. Msimu huu alitengeneza za watu mia, maana Jumamosi shemeji yangu Kalina alikuwa anaolewa.

Jumatano tukaangusha nguruwe pori kwa ajili ya mchuzi wa harusi.

Sasa, kwetu hata uwe na njaa vipi, nguruwe haliwi mpaka daktari wa mifugo apime kipande cha kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Minyoo inapenda sana kujificha pale. Mzee akanikabidhi kipande kwenye mfuko, akaenda kuifungia nyama kwenye chumba cha baridi cha wawindaji, ufunguo akautia mfukoni.

Nikauweka mfuko kwenye kiti cha gari, nikasimama kuwasha sigara.

Mbwa wangu Murjo havuti sigara.

Nilipogeuka, mfuko mtupu, jamaa analamba pua.

Ningesema ukweli ningechekwa mpaka Pasaka. Nikajifanya mjanja. Nikaingia kwa mzee kimyakimya, nikachomoa kipande kwenye friza, nyama ya nguruwe wake wa kufugwa aliyemchinja kabla ya Krismasi, yule yule wa soseji. Nikakiyeyushia juu ya injini, nikapeleka. Nilijua kiko safi. Cheti chake mzee amekibandika ukutani jikoni.

Alhamisi daktari Rumyana akapiga simu. Nyama ina minyoo. Nguruwe pori achomwe.

Mzee wala hakusikitika. Akanimiminia rakia, akasema msituni ndiko kwenye uchafu, darini kwake ni usafi mtupu. Wageni watakula soseji.

Kumbe minyoo ilikuwa darini, kwenye soseji! Watu mia, na bibi harusi juu yake.

Nikapendekeza tuzichemshe soseji. Akaniangalia utadhani nimemtukania mama yake. Nikasema siku hizi watu wa mjini hawali vitu vibichi. Akasema basi wasije.

Mwisho nikapanda darini kuziiba. Akanikuta nimejivika mikufu miwili ya soseji shingoni.

"Mkwe," akasema, "una njaa au una wazimu?"

Nikatapika yote. Kiti, sigara, Murjo, friza.

Nilisubiri ngumi. Haikuja. Alikaa juu ya gunia la viazi, akasema nguruwe wake alipimwa na cheti kipo.

"Basi daktari amekosea, baba," nikasema.

Akasugua mapaja huku amekunja uso, na hapo ndipo nikamwona vizuri. Kope zilikuwa zimevimba. Wiki nzima alikuwa analalamika misuli inamuuma, sisi tukasema ni kazi ya kupasua kuni. Kumbe kila asubuhi alikuwa anapanda kuonja.

"Kile kiwambo," akasema polepole, "siku ya kuchinja nilikikaanga. Hakuna nyama tamu kama ile, na rakia ilikuwa tayari mezani. Daktari nilimpelekea nyama ya dukani."

Sikujua nicheke au nilie. Mzee wa watu kamdanganya daktari, halafu kauamini uongo wake mwenyewe mpaka kaubandika ukutani.

Tukaenda kwa daktari pamoja, vichwa chini. Alitusema kistaarabu nusu saa nzima, na ilituuma kuliko matusi. Soseji zikateketezwa. Mzee akalazwa. Wote waliokula siku ya kuchinja wakaanza dawa. Nguruwe pori akapimwa upya, kipande chenyewe safari hii, akakutwa hana hata mnyoo mmoja. Akachemshwa kwa muda wa saa nne, akaliwa.

Kuhusu Murjo, daktari hakutania. Alisema nyama mbichi ya nguruwe pori huweza kuwa na ugonjwa mwingine usio na dawa, unaoweza kujitokeza mpaka siku ya kumi, na ukijitokeza unamuua mbwa kwa siku mbili tatu. Nililala naye sakafuni siku kumi nikimsikiliza anavyopumua. Alinusurika, lakini ile ilikuwa bahati tu, si akili zangu.

Jumamosi, Kalina aliingia kanisani peke yake. Mzee alisikiliza harusi ya binti yake kwa simu, kitandani hospitali. Baadaye akamwomba msamaha, akasema alitamani kale kakipande kamoja tu.

"Baba," Kalina akamjibu, "na mimi nilitamani mkono wako mmoja tu."

Mzee alilia, na mimi niliyekaa kando ya kitanda nikimshikia simu nililia.

Basi wakuu, nyama ikipimwa, usidhani unamfurahisha daktari. Daktari hali kwako. Wanaokula kwako ni wanao.