Padre Hakuzikwa Kanisani Mwake

Habari zilinifikia sokoni Msambweni, msomaji wangu, nikiwa nachagua ndimu. Muuguzi mmoja wa hospitali alinisalimu, tukajuliana hali kama ilivyo ada, kisha akasema, "Yule padre rafiki yako amefariki alfajiri. Ni ile sukari yake." Nikamshukuru, nikamalizia kuchagua ndimu zangu, nikaenda nyumbani. Sikulia. Nilikaa nikimtazama mke wangu akikuna nazi, na ulipita muda kabla sijakumbuka kumwambia. Tangu siku ile niko hivyo hivyo, nimekufa ganzi kama mkono uliolaliwa.

Padre hakuwa mtu wa kwetu. Alitoka bara, akaletwa kuwahudumia wakulima wa mashamba ya makazi yaliyogawiwa na serikali huku nyuma ya mji, ambao wengi wao ni wa bara kama yeye. Mimi ni Mwislamu na mwenyeji, Mdigo, mwalimu wa shule. Tulijuana kwa ajili ya Kiswahili. Alinijia na mahubiri yake akitaka nimsahihishe, kwa kuwa bibi mmoja kanisani alimwambia anahubiri kama askari anayetoa amri. Nilimzoeza kusema "naomba" pale alipozoea kusema "nataka". Naye alinifundisha kupanda viazi, ambavyo havikuota. Kisha zikaja zile vurugu za kuwafukuza watu wa bara, wakachomewa nyumba, wengi wakakimbia. Yeye hakukimbia. Alilala kanisani pamoja na familia zilizokosa pa kwenda. Na vijana wetu walipoanza kukamatwa ovyo na polisi, shemeji yangu akiwamo, padre alikwenda kituoni akakaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka shemeji akaachiwa. Askari alimuuliza yule Mdigo ni nani wake. "Ni jirani yangu," alijibu, basi.

Katekista wake mkongwe, msaidizi wake wa kufundisha dini, alipofariki, nilikwenda kumpa pole. Waumini walikuwa wametaka mzee yule azikwe ndani ya kanisa, na padre amewakatalia. Akaniuliza, "Mwalimu, nyinyi imamu akifa, mnamzika msikitini?"

"La hasha, padre. Msikiti ni wa kuswalia. Imamu hupelekwa makaburini kama sisi sote."

"Basi tumekaribiana. Kwetu anayezikwa ndani ni askofu, tena katika kanisa lake. Sisi wengine ni nje." Akacheka. "Mimi nje kunanitosha, mradi nguruwe mwitu wasinifukue."

Maneno hayo nilikuwa nayo kifuani nilipofika kanisani kutoa rambirambi zangu. Nilikuta vumbi. Mwenyekiti wa parokia, mkulima wa makamo aliyechomewa nyumba akaijenga upya, alikuwa amevua koti na kushika sururu, na sakafu mbele ya altare imekwisha kuvunjwa. Walikuwa wamesimama naye afisa wa afya kutoka Kwale na padre mwingine aliyetumwa na askofu.

"Mwenyekiti, sheria hairuhusu kuzika ndani ya jengo linalotumiwa na watu," alisema afisa. "Na hata hapo nje hapajaidhinishwa kuwa makaburi."

"Sheria ya Kanisa nayo hairuhusu," aliongeza mjumbe wa askofu. "Baba Askofu ameshaamua. Atazikwa Mombasa pamoja na mapadre wenzake."

Mwenyekiti hakupandisha sauti. "Tulipochomewa nyumba, sheria ilikuwa wapi? Huyu akilala humu, hatuhamishwi tena. Nani atawafukuza watu wenye kaburi la padre wao?" Akanigeukia. "Mwalimu, wewe ni mwenyeji, tena alikupenda. Hebu waambie."

Nikawaambia. Niliwaeleza aliyoyasema padre alipofiwa na katekista, neno kwa neno, hata habari ya nguruwe. Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alinitazama sana, kisha akaiweka sururu chini. "Kama ni neno lake," alisema, "basi."

Tukavuka feri kwenda Mombasa, jeneza mbele, sisi nyuma katika lori la kubebea korosho. Wanakwaya walianza wimbo, ukawafia njiani, wala hakuna aliyejaribu kuuanza tena. Alipofukiwa nilikuwa nikitazama viatu vyangu, nikiwaza kwamba vinahitaji kushonwa.

Sigombani na sheria ile. Nyumba ya ibada si makaburi, na dini yangu inasema vivyo hivyo. Ila nimeona kwamba sheria ya wafu ilifika mapema, ina gari na ina mjumbe, na ile iliyopaswa kuwalinda walio hai, walipokuwa wakilala juu ya sakafu ile ile, haikufika kabisa. Watu wale hawakuwa wanatafuta heshima ya kaburi. Walikuwa wanatafuta mtu wa kubaki nao.

Jumapili iliyopita nilipita pale kumjulia hali mwenyekiti, nikasimama mlangoni kungoja misa iishe. Shimo limezibwa kwa saruji mpya, nyeupe kuliko sakafu iliyobaki. Waumini walitoka kwenye viti vyao kwenda kupokea komunyo, wazee kwa watoto, na kila mmoja alipofika pale alikizunguka kile kipande cha saruji. Chini yake hamna mtu. Anayetaka kuwatungia watu sheria ya makaburi na aje kwanza asimame mlangoni pale, awaangalie wanavyotembea.