Kichwa cha Mkubwa Motoni

Mimi ni mwoga wa kuzaliwa, na miaka ile ya chama kimoja ilinizidishia. Mume wangu aliposema amepewa kazi ya kusubu kichwa cha shaba cha Mkubwa, yule ambaye picha yake ilitundikwa katika kila duka Eldoret, nilifunga dirisha kwanza.

Karakana yetu ilikuwa Kiplombe, nyuma ya nyumba. Kichwa nilikiunda mimi kwa nta ya nyuki juu ya kiini cha udongo. Kisha tukakifunika chote kwa udongo uliochanganywa na samadi, tukaacha njia shingoni. Ganda lilipokauka tuliligeuza, shingo chini, tukaliweka juu ya moto ili nta iyeyuke na kumwagika yote. Shaba huingia katika pengo linaloachwa na nta.

Nta ilikuwa bado inadondoka jamaa mmoja wa chama alipoingia kukagua. Kila mtu alijua maneno yake huishia wapi.

"Mama, kichwa iko wapi?"

Nami, mjinga, nikanyoosha kidole motoni. "Si ile pale."

"Mnamchoma? Tena kichwa chini?"

"Hiyo ni nta tu, bwana," mume wangu alisema. "Inatoka, shaba inaingia mahali yake."

"Kwa hivyo mmemyeyusha." Akavuta kreti, akaketi. "Sitoki hapa mpaka nimwone amerudi."

Akilini nilimwona kabisa mume wangu akitiwa kwenye gari la polisi. Tuliyeyusha bushi kuukuu za matrekta, vipuri vya shaba, tukaligeuza ganda, naye akaimimina shaba shingoni.

Jioni, ganda likiwa vuguvugu, alilivunja kwa nyundo, na kwa kila pigo jamaa alisema, "Polepole, huyo ni Mkubwa."

Uso ulitoka vizuri, mashavu na masikio. Lakini katikati ya paji palikuwa na tundu la kutosha kidole, hewa ilikwama. Ungeapa amepigwa risasi.

Tundu kama hilo huzibwa kwa kipande cha shaba kinachogongwa kwa nyundo hapo hapo kwenye paji. Nilimtazama jamaa nikijua atakimbilia kituoni. Jasho lilikuwa linamtiririka. Alikuwa ameketi nasi tangu mchana, na majirani wote walimwona akiingia.

"Nani mwingine ameona?"

"Ni sisi tu," nikamjibu.

"Mama, funga mlango. Ongeza redio."

Akakishika mwenyewe kile kichwa cha shaba, viganja masikioni, akafumba macho.

"Gonga," akamwambia mume wangu.