Bibi Alipovuka Uzio wa Mzee Obadia

Nilikuwa na miaka tisa bibi yangu, mzaa baba, aliposhtakiwa kwa jinai kwa sababu yangu. Tulikuwa tunakaa Lyamkena, Makambako. Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi, na kila mara kinatoka tofauti kidogo, kwa kuwa bado sijakielewa sawasawa.

Jirani yetu wa upande wa chini alikuwa Mzee Obadia. Zamani kati yetu palikuwa na mti wa peasi tu, na kila mtu aliokota. Wapimaji wa viwanja walipopita, jiwe la mpaka likawekwa upande wetu, mti ukawa wake. Bibi hakukubali. Walibishana kwa mtendaji, wakabishana njiani, mwisho Mzee Obadia akazungusha seng'enge na kusema hataki kuona mguu wa mtu wa kwetu mle ndani.

Shida ni kwamba kitovu changu kilizikwa chini ya mti ule, na bibi ndiye aliyekizika. Mwaka huo nilishikwa na homa ya kuja na kuondoka, nikakonda mpaka sare ya shule ikanipwaya. Baba alinipeleka hospitali ya misheni, nikapewa vidonge. Bibi hakuvipinga, alinimezesha mwenyewe kila asubuhi, ila alisema mtoto ambaye kitovu chake kimefungiwa kwa watu hawezi kusimama. Kuomba ruhusa hakukuwa na wa kumtuma. Nyumba zetu hazikuwa zinaongea tena.

Jumapili moja, watu wakitoka kanisani, bibi aliinua seng'enge akapita chini yake. Mama Eliza, mke wa Mzee Obadia, ambaye binti yake Eliza nilikaa naye dawati moja shuleni, alimkuta amepiga magoti, anatia udongo kwenye upindo wa kitenge. Bibi akamwamkia, "Kamwene," kama vile hakuna kilichotokea. Jioni ile nikaogeshwa maji yenye udongo ule, na siku chache baadaye wito wa mahakama ukaletwa. Kosa lilikuwa kuingia kwa jinai katika eneo la mtu.

Mahakamani hakimu alimuuliza kama aliingia. Bibi akasema aliingia.

"Kufanya nini?"

"Kumfuata mjukuu wangu."

Hakimu akauliza mjukuu yuko wapi. Bibi akaninyooshea kidole pale nilipokaa kwenye benchi, watu wakacheka. Homa ilikuwa imeniacha siku ya nne baada ya kuogeshwa. Nilikaa pale sijui nijionyeshe mgonjwa au mzima, lipi lingemsaidia.

Mzee Obadia hakugusia kabisa habari ya mpaka. Aliomba jambo moja: "Arudishe udongo wangu."

Hakimu akajibu kwamba udongo haumo kwenye hati ya mashtaka. Bibi akakutwa na hatia, akaachiwa kwa sharti la kutotenda kosa miezi sita. Njiani baba alimcheka jirani yetu, mtu mchoyo hata wa udongo. Nami niliamini hivyo miaka yote.

Juzijuzi nimemkuta Mama Eliza sokoni Njombe, anauza viazi. Bibi na Mzee Obadia wote wameshafariki. Tuliamkiana, akanikalisha kwenye gunia, na mwenyewe akaanza habari ya kesi ile. Akanieleza kwamba siku ya hukumu mumewe aliwachukua Eliza na mdogo wake akawapeleka Mlangali kwa shangazi yao, wakakaa huko miezi miwili.

"Mwanzoni mwa mwaka tulikuwa tumezika mtoto mmoja," alisema. "Halafu mama mtu mzima anachota udongo wa kwetu. Sisi tufikiri nini kama si uchawi?"

Nikamwambia udongo ule ulikuwa wa kuniogeshea mimi. Akaendelea kupanga viazi.

Sijui kilichoniponya. Vidonge vilikuwa vinaelekea kuisha wakati bibi anavuka uzio, hivyo siwezi kusema, na sidhani kama nitaweza. Ninachojua ni kwamba niliporudi darasani baada ya kesi nafasi ya Eliza kwenye dawati letu ilikuwa wazi. Nilifurahi kupata pa kuweka viwiko vyangu. Sikuuliza yuko wapi.