Mkono wa Kushoto wa Sungura

Miaka saba Stanislas Bulonza alichonga herufi za mbao kinyumenyume, katika kiwanda cha mapadri cha kuchapa vitabu hapo Bukavu, bila kukosea hata nukta. Ndipo Padri Edouard akamwagiza achonge picha kwa ajili ya wazazi wa wanafunzi: Sungura akimkabidhi Chui kibuyu cha kasiksi, ile pombe ya ndizi. Na chini yake aweke jina lake. Bulonza akarudi nyumbani, mtaa wa Kadutu, akitembea kama mtu aliyepewa baiskeli. Mwaka ule wa hamsini na sita, jina la mtu mweusi likionekana kwenye karatasi, mara nyingi lilikuwa la faini.

Jina alilichonga kinyume, akijua karatasi italinyoosha. Sungura akamchonga kama watu wenye adabu wanavyosimama, mkono wa kulia mbele. Karatasi ya kwanza kuchapwa akampelekea mkewe, Delphine.

Delphine akaitazama sana.

"Papa, huyu sungura iko anapatia chui pombe na mukono ya kushoto."

"Wapi?"

"Hapa. Na chui ni nyama ya mwami, ni alama ya mufalme yetu. Matusi ya namna hii, na jina yako chini, kubwa hivi. Wazee watauliza ni nani alikulea."

Bulonza akaigeuza karatasi juu chini. Sungura akasimama kwa kichwa, mkono bado wa kushoto. Jina alikumbuka kuligeuza ubaoni; sungura alimsahau.

Asubuhi akamwahi padri. "Mon père, naomba nichonge ingine."

Padri akacheka kwa upole wa mtu ambaye hatapeleka posa kwa mkwe yeyote. "Mukono ni mukono, Stanislas. Mungu aliumba yote mbili. Siku ya Yenga, kwa misa, tunagawa."

Padri alipokwenda kusali, Bulonza akashika patasi, akalikwangua jina lake lote kwenye ubao, akachapa karatasi mia tatu. Wazee wakiuliza ni nani, naye atauliza pamoja nao.

Jumapili karatasi ziligawiwa mlangoni mwa kanisa. Padri akapanda mimbarani na yake, akaliona lile pengo, machozi yakamlenga.

"Watoto wangu, muone unyenyekevu. Aliyechonga hii picha alikataa jina yake ionekane. Stanislas Bulonza, simama."

Kanisa zima likatazama picha, likatazama mkono wa sungura, kisha likamgeukia. Upande wa wanawake, Delphine alivuta kitambaa mpaka machoni. Bulonza akasimama, mikono yote miwili mgongoni.