Alamu Ambayo Mtaa Haukuijua

Mimi ni mwoga, na sioni haya kusema hivyo. Tangu nilipopata gari langu la mtumba, kila jioni nilifungua boneti na kuchomoa waya wa betri, ndipo nikaweza kula. Hapa Shituru, kambi yetu ya wafanyakazi, wezi wakionekana, mtu hupiga sufuria dirishani, nyumba zote za kambi zinajibu, na wanaume wanatoka na fimbo. Mwizi aliyekamatwa hivyo haulizwi jina.

Mwishowe waya ule ulinichosha. Nikanunua kufuli za rimoti, nikamwita fundi wa umeme wa magari kutoka mtaa wa mbali, baba mmoja mwembamba asiyejulikana na yeyote kwetu. Kabla ya kugusa kitu aliniuliza, "Mama, hii motokari iko na alarme yake ya usine?"

"Hapana. Minye siyasikiaka hata siku moya."

Nilisema nilichokijua: alamu ya kiwandani sikuwahi kuisikia. Gari linalolala bila betri lingelia na nini?

Asubuhi nzima alilala chini ya usukani, miguu nje, nyaya zikimwangukia usoni. Nilichungulia mara nyingi mno, hata mimi nilijichoka. Alipomaliza, alifunga milango kwa ufunguo wa gari, akanirudishia, nami nikakimbilia bukari yangu, ugali wetu wa huku, jikoni. Yeye akabaki kujaribu rimoti mpya.

Rimoti ilifungua vizuri. Ila gari lilijua ufunguo wake tu: kumbe lilikuwa na alamu ya kiwandani, na rimoti mpya haikuizima. Alipovuta mlango, likapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia, na yeye, badala ya kuniita, akajitupa tena ndani kutafuta waya wa kukata.

Sufuria ya kwanza ililia nyumba ya mbele. Nilipotoka na ufunguo, mtaa mzima ulikuwa unagonga, na wanaume walikuwa wanakuja mbio. Walichokiona ni mtu mgeni ndani ya gari langu, mimi mwalimu wao, ameshika nyaya. Nilipiga kelele kwamba ni fundi, ila hata mimi sikuisikia sauti yangu. Nikaingia upande wa pili, nikabamiza mlango.

"Funga!"

Fundi akavuta mlango wake, akabonyeza rimoti. Kufuli zote zikashuka kwa pamoja, na fimbo ya kwanza ikagonga paa. Nikazungusha ufunguo, alamu ikanyamaza. Sufuria nazo zikakoma, moja moja.

"Haiko mwizi," nikasema kupitia kioo. "Iko fundi yangu."

Walicheka, wengine wakiomba radhi. Jirani wa mbele, ambaye watoto wake niliwafundisha kusoma na ambaye mke wake huniletea sombe, mboga ya kisamvu, aligonga kioo taratibu, fimbo bado mkononi.

"Tulikuya kukusaidia, mama. Fungula basi."

Fundi alinipa rimoti. "Weye njo utafungula," akasema. "Lakini bado. Tafadhali, bado."

Nampenda jirani yule, na najua alikuja kwa ajili yangu. Niliweka kidole kwenye kitufe, na kidole kikakataa.

"Weka kwanza ile fimbo chini," nikamwambia.

Akaacha kucheka. Akaitazama fimbo, akamtazama fundi, nami nikasubiri iguse ardhi ndipo nibonyeze.