Hodi kwa Mti

Mtafuta mijusi aliyeajiriwa na Mdachi hakugusa mti bila kupiga hodi. Aligonga gome mara tatu kwa ukucha wa kidole gumba, akangoja, kisha akalipapasa taratibu, kama mama anayepima homa ya mwanawe. Pazi, mpagazi aliyembebea Mdachi chupa ya spiriti ya kuhifadhia mijusi katika misitu ya Uluguru, siku zote alidhani hodi ile ni heshima kwa mizimu. Asubuhi moja vidole vile vikasita. Pazi akakodoa macho, akaona gome tupu, na nyufa nyeusi na za manjano. Mara ufa mmoja ukapumua. Kumbe ni mjusi jike, bapa kama ganda la muhogo, tumbo limejaa mayai.

“Kuna nini hapo?” Mdachi aliuliza kutoka nyuma.

“Gome tu, bwana,” mtafuta mijusi alijibu kwa upole wake uleule, akagonga tena, safari hii kwa nguvu. Mjusi akajirusha, akaelea hewani hadi mti wa pili, akapotea.

“Na kile?”

“Jani, bwana.”

Mdachi akamgeukia Pazi.

“Jani,” Pazi akasema, akikaza kifuniko cha chupa.

Kwenye mti uliofuata, Pazi ndiye aliyetangulia kupiga hodi.